Betri ya Zahanati

Habari za msiba zilinifikia nikiwa ofisini, nimeinama juu ya mashine ya mteja, bisibisi mkononi. Bi Mwantumu amefariki Vigwaza, anazikwa leo baada ya alasiri. Nilifunga mlango, nikachukua kanga mbili nyumbani, nikaenda. Walioniona pale msibani waliniona kama mgeni yeyote kutoka Bagamoyo. Nilikaribishwa mkekani katika chumba cha wanawake, nikakaa karibu na ukuta, nikasikiliza. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo alisema marehemu amezalisha nusu ya kijiji hiki, tena bila kushika kazi ya serikali wala ya mtu. Mwingine akamjibu kwa sauti ya chini kwamba huko Bagamoyo alikuwa nesi kamili, akafukuzwa, kuna mzazi alimfia mikononi. "Si ilisemekana baadaye hakuwa na kosa?" akauliza wa tatu. "Ilisemekana," akasema yule wa mchele. Mazungumzo yakahamia kwenye kuni na masufuria. Mimi ndiye niliyejua habari ile kuliko wote mle ndani, na nilikaa kimya. Nilikwishakaa kimya mara moja nilipokuwa msichana, juu ya jambo hilohilo. Ndiyo sababu naandika.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nafanya kazi kwa Fundi Athumani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba moja ya mawe katika mji wa zamani, chumba chenye dari ndefu na kuta nene zilizotoa unga wa chokaa kila ukiegemea. Tulipanga mashine sakafuni juu ya mbao kwa sababu ya unyevu. Chumvi ya bahari ilikula kila kitu: skrubu, miguu ya chipu, hata bawaba za dirisha. Kila saa nne asubuhi tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, kwenye gazeti lililotandazwa juu ya kioo cha kompyuta iliyokufa, na Fundi alipenda kufundisha akiwa anatafuna. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kompyuta alijifunza kwa kufungua redio. "Watu wanadhani ukibonyeza swichi mashine inaamka yote kwa mara moja," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Haiamki. Ukiiwasha haijui kitu. Haijui kama ina kioo, haijui kama ina diski. Sasa, humu," akagusa chipu moja nyeusi kwa ncha ya kidole chenye mafuta, "kuna programu ndogo imeandikwa, haifutiki hata umeme ukizimwa. Hiyo ndiyo bayosi. Hiyo ndiyo inayotangulia. Inakagua: kumbukumbu ipo? Kibodi ipo? Diski iko wapi? Saa inasema nini? Ikiridhika ndipo inakwenda kwenye diski, inauita ule mfumo mkubwa wenye picha na rangi, inaukabidhi kazi. Wateja wanaijua hiyo ya picha tu. Wewe ujue ya kabla."

Akanifundisha kuijua kwa masikio. Mlio mmoja mfupi ulikuwa salama. Milio mirefu inayojirudia ilimaanisha kumbukumbu imelegea au imekufa. Kimya kabisa kilikuwa kibaya kuliko vyote. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nafumba macho kila nikiwasha mashine. Na katika mambo yote ya bayosi, lililonishangaza lilikuwa saa. Kompyuta ikizimwa, hata ikichomolewa ukutani, saa yake inaendelea kutembea, kwa nguvu ya betri ya duara yenye ukubwa wa kifungo cha koti. Betri hiyo ikichoka na umeme ukakatika, mashine inasahau leo ni lini. Ikiwashwa tena inaanza kuhesabu upya kutoka tarehe iliyowekwa kiwandani, Januari mosi ya mwaka uliokwisha kupita zamani, saa sita kamili usiku. Kabla ya kuendelea husimama kwenye kioo cheusi, ikaandika kwa Kiingereza kwamba saa haijawekwa, bonyeza F1 uendelee. Ukibonyeza, inaendelea kama kawaida. Picha na rangi zinakuja, kila kitu kinafanya kazi, isipokuwa kila utakachoandika kitapigwa muhuri wa siku isiyo yake.

Zahanati iliyokuwa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kaole, ilikuwa mteja wetu mkubwa. Ilikuwa ya watu binafsi, na waliokuwa wakiisaidia walitaka kumbukumbu zote ziingie kwenye kompyuta, madaftari yakafungiwa kabatini. Mashine ilikuwa moja, kwenye meza ya chumba cha mapokezi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenye kuitumia alikuwa Bi Mwantumu, nesi mkunga, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa na kucha zilizokatwa mpaka nyamani. Alichapa kwa vidole viwili lakini hakukosea. Nikifika alinipa kwanza chai na kipande cha mkate wa kumimina, ndipo aseme tatizo.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."

"Marahaba, mwanangu. Keti unywe. Mgonjwa wako hajafa, amepoteza fahamu tu."

Siku hiyo mgonjwa alikuwa betri. Ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, na kila ukikatika mashine ilirudi Januari mosi. Mpya tulikuwa hatuna, tulisubiri mzigo kutoka Dar. Nilikuwa na betri moja mfukoni niliyoing'oa kwenye mashine chakavu asubuhi ileile. Nikaitia, nikaweka saa sawa, nikachomoa waya, nikahesabu mpaka mia, nikawasha. Saa ilikuwa imeshika. Kwenye karatasi ya kazi niliandika: betri imebadilishwa. Sikuandika kwamba ni kuukuu. "Ikikusumbua tena," nikamwambia, "ukiona ule mstari wa Kiingereza bonyeza F1, itaendelea. Mzigo ukija nitakuletea nyingine." Akaandika F1 kwenye plasta nyeupe ya vidonda, akaibandika pembeni ya kioo. Mzigo ulikuja baada ya wiki mbili. Nilikuwa na kazi ya shule mbili za sekondari, na nikasahau. Nimejaribu miaka yote kutafuta neno jingine badala ya hilo, sijalipata.

Rehema alikuwa binti wa miaka kumi na tisa kutoka Kaole, mimba yake ya kwanza. Alifikishwa zahanati asubuhi akiwa ameshajifungua njiani, mtoto mzima, yeye damu haikatiki. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na jenereta lilikuwa limetoka kuwashwa. Bi Mwantumu alifanya alivyoweza kwa vitu alivyokuwa navyo, na kwa simu ya upepo akaliita gari la zahanati limpeleke mgonjwa hospitali kubwa. Gari halikuja. Rehema alikufa wakati wa adhana ya adhuhuri, mama yake mzazi akiwa nje kwenye benchi amempakata mjukuu. Hayo niliyasikia jioni yake sokoni kama watu wote walivyoyasikia, na yalikuwa yameshageuka. Sokoni walisema nesi alimwacha binti wa watu kitandani saa mbili nzima, alipoona anakufa ndipo akakumbuka gari.

Kamati ya zahanati ikakaa. Msimamizi wa zahanati, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi vizuri, alisema gari lilikuwa uani tangu asubuhi, na liliitwa baada ya saa sita. Dereva akasema hivyohivyo. Bi Mwantumu alisema aliita gari mgonjwa alipofika tu, na aliandika. Wakafungua kompyuta. Habari za Rehema zilikuwamo zote, lakini zilikuwa na tarehe ya Januari mosi ya miaka ya nyuma, usiku wa manane. Habari za wagonjwa wa jioni ile zilikuwa na tarehe sahihi. Maana yake, alisema msimamizi, nesi alichezea saa ya mashine ili isijulikane aliandika lini. Bi Mwantumu aliposema huenda ni betri, akaonyeshwa nakala ya karatasi yetu ya kazi: betri imebadilishwa. Alikiri kwamba alasiri ile aliona tarehe si yenyewe akairekebisha. Kukiri huko kukawa ndio ushahidi.

Nilijua ndani ya wiki ya kwanza. Aliyetueleza alikuwa mfanya usafi wa zahanati, aliyekuja kuchaji simu kwetu, na alipofika kwenye "usiku wa manane" niliurudisha muhogo kwenye gazeti. Alipoondoka nilimwambia Fundi kila kitu. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, muda mrefu.

"Nani mwingine anajua ilikuwa kuukuu?"

"Mimi na wewe."

"Zuhura, ukisimama mbele za watu ukasema tuliweka betri kuukuu tukaandika imebadilishwa, kesho mlango huu hauingii mtu. Na huyo binti ameshakufa. Saa haikumuua."

Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia nililotaka kuambiwa, nami nikalishika kwa mikono miwili. Nilijisemea kwamba kamati itagundua yenyewe, kwamba mtu mzima kama Bi Mwantumu hatafukuzwa kwa sababu ya tarehe. Akafukuzwa. Nilijisemea kwamba atapata kazi kwingine. Nikasikia barua yake inasema amefuta ukweli kwa makusudi, na hakuna aliyetaka kumwajiri baada ya hapo. Mara moja nilimwona kwenye duka la vitambaa. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua kanga waliziacha, wakatoka. Yeye akabaki ameshika ncha ya kitambaa, anamtazama mwenye duka, na mwenye duka anatazama rafu isiyokuwa na kitu. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilirudi nyuma kabla hajageuka. Wiki iliyofuata alipakia vitu vyake kwenye lori la mchanga, akarudi kwao Vigwaza.

Karibu miezi miwili ikapita hivyo. Halafu asubuhi moja dereva wa zahanati alituletea ile mashine, na karatasi ya msimamizi: diski ifutwe yote, mfumo uwekwe upya, wanataka kuanza upya na nesi mpya. Plasta ya F1 ilikuwa bado pembeni ya kioo. Fundi alisoma karatasi, akanisukumia. Nilifungua kasha. Betri yangu ilikuwa palepale, imeanza ukungu wa kijani pembeni. Nikaiwasha. Kioo cheusi, mstari wa Kiingereza, F1. Nilitakiwa kuweka diski ya kufutia, kazi ya nusu saa. Badala yake nikafungua kumbukumbu za siku ile na kuzisoma, jambo ambalo miezi miwili sikuwa nimethubutu kulifikiria.

Zilikuwa tatu. Rehema amepokelewa, dakika kumi na mbili baada ya saa sita usiku. Gari limeitwa, dakika ya ishirini. Mgonjwa amefariki, saa mbili na dakika ishirini na tano tangu saa hiyo ianze kuhesabu. Nilizitazama mpaka herufi zikaanza kucheza, ndipo nikaona. Saa ilikosea mahali pa kuanzia, lakini baada ya hapo ilitembea kama saa yoyote. Dakika zake zilikuwa dakika. Na Bagamoyo nzima ilijua Rehema alikufa wakati wa adhana ya adhuhuri, saa sita na nusu mchana. Nilichukua kalamu nikarudisha hesabu nyuma. Mashine iliwashwa saa nne na dakika tano asubuhi. Gari liliitwa saa nne na dakika ishirini na tano. Zaidi ya saa mbili kabla hajafa, Bi Mwantumu alikuwa ameshaita.

Nilimwonyesha Fundi karatasi. Aliisoma mara mbili, akafuata kila mstari kwa kidole. "Subhanallah," akasema. Adhana ya alasiri ikasikika. Alisimama, akachukua kofia yake. "Mimi nakwenda msikitini. Mashine hiyo iko mikononi mwako. Nikirudi sitaki kukuuliza kitu." Aliporudi nilikuwa nimeshachapisha kurasa zote tatu, na diski sikuifuta. Aliziona juu ya meza. Akafungua droo, akatoa karatasi yetu ya kazi iliyosema betri imebadilishwa, akaiweka juu yake. "Basi hii nayo iende," akasema. "Usiende nusu."

Kamati ilikaa katika darasa la madrasa lililokuwa tupu, watu watano kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu. Nilikuwa nimebeba mashine. Niliwaonyesha betri. Niliwasha, nikaweka saa sawa mbele yao, nikachomoa waya, tukangoja dakika tano, nikawasha tena. Januari mosi. Mmoja akavuta pumzi. Nikawaeleza hesabu. Mwalimu akaniuliza kama anayeuliza mwanafunzi wake: "Kwa hiyo binti, saa ilipotea au haikupotea?"

"Ilipotea pa kuanzia, Mwalimu. Mwendo wake haukupotea."

"Na betri hiyo aliiweka nani?"

"Mimi."

"Na ulijua lini kwamba ndiyo iliyoleta haya?"

Niliwaambia. Hakuna aliyenikemea. Msimamizi alikuwa ameketi karibu na dirisha, ameanza kusema kwamba mashine si mtu wa kuapishwa, na hapo dereva wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia. Alisema gari asubuhi ile lilikuwa Chalinze, linapakia mabati ya nyumba ya msimamizi. Alisema simu ya upepo ilipoita walikuwa wote wawili garini, na aliambiwa wamalize kwanza kupakia. Nakumbuka mwalimu mstaafu alivyofunga daftari lake taratibu, akaweka viganja vyote viwili juu yake, kama mtu anayezuia kitu kisifunguke.

Haki iliyopatikana ilikuwa ya ukurasa mmoja. Iliandikwa kwamba nesi hakuhusika, kwamba kulikuwa na hitilafu ya mashine, na kwamba anakaribishwa kurudi kazini. Mabati hayakutajwa. Msimamizi alihamishiwa kituo kingine cha wafadhili haohao, mkoa mwingine. Dereva aliachishwa. Sisi tulipoteza zahanati na shule moja, na Fundi Athumani hakunilaumu hata siku moja, ingawa mwaka uliofuata alirudi kwenye redio.

Barua niliomba niipeleke mwenyewe. Nilimkuta Bi Mwantumu nyuma ya nyumba ya dada yake, anasonga bada, ugali wa muhogo, kwenye chungu, moshi umemfanya macho mekundu. Nilimsalimia, akaitikia, akanipa kigoda. Alimaliza kusonga, akapakua, akaweka mlenda pembeni, tukala. Sijui nilikulaje. Baada ya kunawa ndipo akaifungua barua, akaisoma, akaikunja tena.

"Hitilafu ya mashine," akasema.

"Ilikuwa betri, Bi Mwantumu. Niliweka kuukuu. Halafu nikajua, nikanyamaza."

"Ukajua lini?"

"Wiki ileile."

Hakupandisha sauti. Alianza kuokota punje za mchanga kwenye kanga yake, moja moja. "Mimi nilikuwa nafikiri nimekuwa mwendawazimu," akasema. "Nilikuwa na hakika niliandika. Nikikaa peke yangu najiuliza, Mwantumu, kweli uliita mapema? Au ulichelewa ukajidanganya? Mpaka nikaanza kuamini nilichelewa. Nilikuwa namwomba Mungu msamaha wa kitu ambacho sikukifanya." Akanirudishia barua. "Sirudi. Lakini kuna kazi utanifanyia. Nenda kwa mama yake. Mwambie mwanawe hakuachwa. Nilikuwa nimemshika mkono mpaka mwisho. Hilo ndilo lililokuwa likinitoa usingizi, kwamba yule mama anaamini mwanawe alikufa peke yake."

Nilikwenda Kaole siku ya pili. Mama yake Rehema alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, labda alizidi arobaini kidogo tu. Alikuwa anamnywesha mjukuu maziwa kwa kijiko, kwenye baraza, na hakuacha kumnywesha nilipokuwa nikizungumza. Nilimweleza yote kwa mpangilio: betri, saa, gari lililoitwa, mabati, mkono. Nilipofika mwisho mtoto alikuwa amemaliza maziwa na anasinzia.

"Kama gari lingekuja," akasema, "angepona?"

"Sijui, mama. Huenda."

"Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizi? Mimi nimemlaani yule nesi kila sala. Nimemwombea afe kama alivyokufa mwanangu."

Alimpangusa mtoto mdomo kwa ncha ya kanga, akamweka begani, akasimama. Akaniuliza Vigwaza nyumba ya yule nesi iko upande gani wa barabara. Nikamwelekeza, njia ya kushoto, nyumba ya pili baada ya kisima. Akarudia maneno yangu polepole, kama anayekariri, kisha akaingia ndani na kufunga mlango, nikamsikia akivuta komeo.

Kama alikwenda, sikupata kujua.